Umeniuliza kwa nini moyo bado unauma

Tanga, mwisho wa Shaabani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima. Baba yako anakusalimu, mguu wake sasa anaukanyagia.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umesema dada yako, binti wa mamdogo wako, amekutumia yale maneno yanayozunguka kila Shaabani ikiisha: Ramadhani inakaribia, kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe. Ukamjibu "nimekusamehe", kisha ukalala unalia. Sasa unataka kujua: kama umesamehe, mbona moyo bado unauma, au imani yako ni dhaifu? Na kwenye harusi ya kaka yako baada ya Idi, ni lazima ukae naye kana kwamba hapana lililotokea?

Nianze na huo ujumbe wake. Maneno yale mtu huyasambaza kwa watu mia kwa kubonyeza mara moja. Yeye alikwenda kwa wakwe zako watarajiwa akawaambia una mtoto umemficha, mpaka wakaja kuvunja posa na kishika uchumba wakakidai. Hilo halimalizwi kwa "kwa kujua au kwa kutojua". Alijua. Masheikh wanatufundisha kila mwaka kwamba haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake, na aliyemsingizia mwenzake arudi kule kule alikosema akaseme nilisema uongo. Hajarudi. Wewe umemjibu kwa uungwana na Mungu atakulipa, lakini usiushangae moyo wako. Wenyewe unajua kwamba bado haujaombwa radhi.

Ama kuhusu imani, tuirudie Surat Nur, maana ulipoisoma chuoni ulikuwa mdogo, ulishika aya tu. Mama yetu Bi Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, alizuliwa uchafu waliporudi kutoka safari ya Banu Mustaliq. Mwezi mzima maneno yanazunguka Madina naye yuko kitandani anaumwa, hana habari. Aliyekuja kumfumbulia ni mama yake Mistah, mmoja wa walioyaeneza, usiku, walipotoka kwenda haja. Akaomba ruhusa akaenda kwao, akamuuliza mama yake watu wanasema nini. Ummu Ruman akamtuliza kama tunavyotuliza sisi akina mama: mwanangu, lichukulie kwa wepesi, mwanamke mzuri anayependwa na mumewe, na ana wake wenza, hakosi kusemwa. Bi Aisha hakutulizika. Alilia usiku ule mpaka asubuhi, chozi halikukatika wala usingizi haukumjia, na mwenyewe alisimulia kwamba alidhani kilio kitampasua ini. Huyu ni binti wa Abu Bakar, mke wa Mtume. Nani atasimama amwambie imani yake dhaifu?

Na aya za kumsafisha ziliposhuka, mama yake akamwambia inuka umwendee Mtume. Akajibu: wallahi siinuki, wala simhimidi ila Mwenyezi Mungu. Hapo ndipo mimi humpenda zaidi. Ameshatakaswa kutoka mbinguni na bado ana uchungu, na hakuna aliyemkemea.

Sasa Mistah. Mama yake Mistah na Abu Bakar walikuwa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, damu moja kama wewe na huyu wako. Alikuwa fukara, muhajiri, Abu Bakar ndiye akimlisha, na bado akaingia katika kundi la kuyaeneza. Abu Bakar akaapa hampi tena kitu. Ndipo ikashuka aya ya 22: wasamehe na waachilie mbali, je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Abu Bakar akasema naam, napenda, akamrudishia posho yake.

Mashangazi zako watakusomea aya hii na kuishia hapo. Lakini sura hiyo hiyo, kabla ya kufika kwenye msamaha, imeamuru viboko 80 kwa anayemsingizia mwanamke mwenye heshima bila mashahidi wanne, na mapokezi yanasema Mistah naye alivipata. Uongo uliitwa uongo kwanza, mbele za watu. Kisha tazama aliyesemeshwa ni nani: mwenye wasaa, asikate riziki ya maskini. Sijaona palipoandikwa kwamba Bi Aisha amfanye Mistah msiri wake.

Na kuna kisa cha Wahshi, ambacho darsani hupitiwa haraka. Alimuua Hamza, ami yake Mtume, kwa mkuki siku ya Uhud. Miaka ikapita, akaja kusilimu. Mtume akaupokea Uislamu wake, kisha akamuuliza: unaweza kuuweka uso wako mbali nami? Wahshi akaondoka. Mtume wetu, rehema kwa walimwengu wote, alisamehe na bado akaomba asimwone. Wewe unajilaumu kwa kuwa tumbo linakukata ukisikia sauti yake?

Basi fanya hivi. Usijilazimishe kumwombea mema usiku huu, hata kama wenzako watakwambia ndiyo dalili ya kupona. Jiombee wewe. Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia kati yake na Mungu, kwa hiyo mwambie jinsi lilivyo, kwa Kiswahili, bila kupamba. Na wanadamu pia waambie. Katika Surat Nisaa Mungu amesema hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Chagua mtu mmoja asiye na haraka ya kukwambia "yaishe", umsimulie yote tangu mwanzo. Nimekaa na wanawake wengi wa talaka na wa misiba, na waliokaa kimya ili kulinda jina la ukoo ndio walioumwa muda mrefu.

Usingizi usiporudi na chakula kikawa hakipiti, nenda hospitali. Uko Dodoma, Mirembe, hospitali ya maradhi ya akili, iko hapo hapo. Najua huku ukiitaja Mirembe watu hucheka, waache wacheke. Shangazi yako anataka kukuletea kombe, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa. Kur'ani ni shifa, kunywa kwa nia njema. Ila akikuletea na mganga wa kukwambia umefungwa kwa uchawi na fulani, mrudishe. Tuna uongo mmoja wa kushughulikia, hatutaki wa pili.

Majirani wa Barabara ya Kumi walitaka tukamsute, kanga walishachagua na maneno yake nisikwambie. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakataa. Badala yake baba yako na mjomba wamekwenda kwa ile familia, wamesema lililo kweli. Hawakuomba posa irudi. Jina lako tu.

Harusini utakuja. Kumhama ndugu zaidi ya siku tatu hakufai, na salamu inatosha kuliondoa hilo: mpe salamu, endelea na njia yako. Kupika naye jiko moja, kulala naye chumba kimoja, kumpa habari zako, hapana. Nimeshamwambia mamdogo wako kwamba wageni wa Dodoma watalala kwangu na wa Korogwe watalala kwake pamoja na binti yake. Amenuna. Ni mdogo wangu, namjua, hata wiki haimalizi.

Fundi cherehani anataka vipimo vya sare kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, baada ya hapo hapokei kazi. Nitumie kesho, na uniambie kama mikono uitaka mirefu.

Mama yako