Juu ya nini mwanga unapinda ukiingia majini ao kwenye kioo cha lineti

Swali ya mama mmoja wa Goma: Mtoto wangu aliweka kijiko ndani ya vere ya maji akaona kama kimevunjika, akaniuliza juu ya nini mwanga unapinda, nikakosa jibu. Na ni kitu hicho hicho chenye kinafanya lineti zake za myopi (haoni vizuri vitu vya mbali) kuwa nene pembeni?

Jibu: Ndiyo mama, ni kitu kimoja, na umwambie ameuliza swali kubwa sana. Mwanga haukimbii mwendo moja kila fasi. Hewani unaenda karibu kilometa 300,000 kwa sekunde, ukiingia majini unashuka hadi 225,000 hivi, kwenye kioo cha kawaida 200,000, sababu ukipita unatikisa elektroni za ile kitu, nazo zinatoa mawimbi yao yanachanganyika na ya kwanza, na wimbi lenye linabaki linaenda polepole.

Lakini kupunguza mwendo peke yake haitoshi. Mwanga ukiingia wima kabisa unaendelea tu mbele, kupinda kunakuja wakati unaingia kwa upande. Waza wavuvi wa sambaza hapa Kivu na ile mitumbwi tatu yenye kufungwa pamoja na miti, wote wanapiga kasia sawa, sasa mtumbwi wa kushoto ukigusa majani mazito wa kwanza unakawia, wa kulia ungali unakimbia, basi chombo chote kinageukia kushoto na hakuna mtu alikigeuza. Wimbi la mwanga linafanya vile vile, na likitoka majini kuja hewani linageuka kinyume. Jicho halijui hiyo kona, linafikiri mwanga ulikuja mustari moja, njo maana kijiko kinaonekana kimevunjika na maji ya metre 2 ukiyaangalia toka juu yanaonekana kama metre 1 na nusu. Tafadhali hiyo umwambie mtoto kabla hajaruka ziwani ati anaona mawe karibu!

Kwa lineti, kioo cha plastiki cha kawaida kiko na namba 1.5 (ile inaonyesha kinapunguza mwendo wa mwanga mara ngapi), vile vyembamba 1.67, namba ikipanda mwanga unakawia zaidi na kupinda zaidi, kwa hiyo unene kidogo unatosha. Lakini vile vyembamba ni bei kali. Kama myopi ya mtoto haijapita dioptri 3 (kipimo cha nguvu ya lineti), mimi ninayekata vioo kila siku hapa Bukavu ningechukua 1.5 na montire ndogo, ya mviringo, sababu pembeni penye kunene njo tunapakata tukitengeneza kioo kidogo.