Ukame ukirefuka: jua kwanza maji ya bwawa lako yanaenda wapi

Bwawa hupoteza maji kwa njia tatu. Jua na upepo huyapandisha hewani, ardhi huyanywa kupitia sakafu na kingo, na watu na mifugo huyatumia. Dawa ya njia moja haitibu nyingine. Anayenunua magunia ya bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa, kuziba sakafu isiyovuja ametupa fedha, na anayetandaza neti juu ya bwawa lenye tundu kwenye tuta ametupa fedha vilevile. Ndiyo maana nasisitiza kupima kabla ya kushika chepe.

Kipimo chenyewe ni ndoo. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye rangi ya kupauka, itie mawe mawili matatu ili isielee, kisha iweke penye maji mafupi, mahali panapopigwa na jua na upepo sawasawa na sehemu nyingine ya bwawa. Mdomo wa ndoo utokeze juu ya maji kidogo tu, sentimita 5 hivi. Ukitokeza sana utazuia upepo na kipimo kitadanganya. Jaza ndoo maji ya bwawa mpaka usawa wa ndani ulingane na wa nje. Pembeni simika mti wenye alama za milimita, au rula iliyofungwa imara. Kesho yake saa ile ile, asubuhi kabla upepo haujaamka, soma kushuka kwa maji ndani ya ndoo na nje yake. Rudia siku tatu bila kuchota wala kuongeza maji, na hakikisha mbuzi hawainywi ndoo.

Kilichopungua ndani ya ndoo kimechukuliwa na hewa. Kilichopungua nje ni hewa na ardhi kwa pamoja. Toa kimoja kwenye kingine, unapata kinachovuja.

Hesabu ni nyepesi, kwa sababu milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Tuseme bwawa lina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, yaani mita za mraba 300. Nje maji yameshuka milimita 12 kwa siku, ndani ya ndoo milimita 7. Hewa inachukua lita 2,100 kila siku, ardhi lita 1,500. Sasa linganisha na matumizi: ng'ombe 10 wanaokunywa lita 50 kila mmoja ni lita 500 tu. Watu wengi hugombana kuhusu mifugo ya nani inywe, huku jua na tuta linalovuja vikichukua mara saba ya hiyo bila mtu kusema neno.

Kwenye joto kavu lenye upepo, kupotea kwa milimita 5 hadi 10 hewani kwa siku ni kawaida. Uvujaji wa milimita moja au mbili huwezi kuumaliza kwenye bwawa la udongo, na usihangaike nao. Ukifika milimita 5 tafuta chanzo. Ukizidi 10, hilo ni tundu au udongo usiofaa. Na kama maji ya nje yanashuka polepole kuliko ya ndooni, bwawa lako linalishwa na maji ya chini ya ardhi. La namna hiyo usilizibe sakafu hata kidogo, maana utakuwa unafunga mlango ambao maji huingilia. Hapo cha kufanya ni kuchota taratibu na kuliacha lijirudishe usiku.

Kama mwizi ni jua na upepo

Kinachoamua kasi ya kukauka ni ukubwa wa uso wa maji. Maji ya ujazo wa mita 900 yaliyotandazwa kwenye mita za mraba 900 yana kina cha mita 1. Yakiwa kwenye mita za mraba 300 yana kina cha mita 3 na hupoteza theluthi moja tu ya yale ya kwanza. Kwa hiyo bwawa pana lenye maji ya magotini halina budi kugawanywa. Hamishia maji yote upande mmoja wenye kina, kwa pampu, ukiacha upande mwingine ukauke. Kuacha nusu ya bwawa kunauma, lakini mita moja ya maji mahali pamoja hudumu kuliko nusu mita kila mahali, na samaki huishi vizuri zaidi kwenye kina.

Uso ukishapungua ndipo kivuli kinapolipa. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 80 ya jua, ikivutwa juu ya waya kama mita moja kutoka kwenye maji, hupunguza upotevu kwa zaidi ya nusu. Nguzo zisimame nje ya ukingo, si ndani ya sakafu, kwani kila shimo la nguzo ni njia ya maji. Kama una samaki usilifunike bwawa lote kwa kitu kinachoelea. Oksijeni huingilia kwenye uso. Theluthi moja hadi nusu inatosha, na samaki wenyewe watajisogeza kivulini.

Upepo uzuie upande unakotoka. Uzio wa mita 2 wa matete au matawi, wenye matundu kama nusu ya eneo lake, hutuliza upepo hadi mita 20 hivi nyuma yake. Ukuta mzima usiopitisha hewa ni mbaya zaidi, maana upepo huruka juu yake na kuangukia majini ukizunguka. Miti pia hufaa, ila ipandwe mbali na tuta kwa umbali usiopungua urefu wake. Gugu maji litoe lote. Wapo wanaoliacha wakiamini linatia kivuli, kumbe majani yake hupeleka maji mengi hewani kuliko uso ulio wazi.

Kama mwizi ni ardhi

Ukame una faida moja: unaonyesha tundu lilipo. Zunguka nje ya tuta, upande wa chini. Majani mabichi mahali ambapo kila kitu kimekauka ni alama ya maji yanayopita. Kagua hasa pale bomba linapopenya tuta, kwa sababu maji hupenda kufuata mgongo wa bomba. Kagua mizizi, mashimo ya panya, ya kaa na ya mchwa, na mstari ambapo tuta limekalia ardhi ya asili. Kama maji yanayojitokeza ni safi, unayo nafasi ya kupanga. Yakiwa na tope, yanakula tuta kutoka ndani: punguza maji haraka, waondoe watu upande wa chini, na mwite fundi wa mabwawa.

Kwa bwawa la nyuma ya nyumba lililotandikwa nailoni ngumu, anza kwa kuzima pampu ya maporomoko au chemchemi kwa siku nzima. Maji yakiacha kushuka, nailoni ni nzima na uvujaji uko kwenye kijito au kwenye michirizi inayorukia nje. Yakiendelea kushuka, usiyaongeze. Mahali yatakaposimama ndipo palipo na tundu, kwenye mstari huo huo kuzunguka bwawa. Sogeza chupa yenye maziwa kidogo au rangi ya chakula karibu na nailoni, maji yakiwa yametulia, uone yanavutwa wapi. Angalia pia ukingo: udongo au zulia la majani lililopanda juu ya mdomo wa nailoni hunyonya maji mchana na usiku kama utambi. Usiache nailoni ikauke kabisa. Bakisha angalau sentimita 30 za maji ili upepo usiinyanyue na jua lisiikakamaze.

Bwawa la udongo lina shida yake: sakafu ya mfinyanzi ikikauka hunywea na kupasuka, na nyufa hizo hazijifungi zote mvua ikirudi. Ndiyo sababu bwawa lililokuwa likishika maji vizuri huanza kuvuja baada ya kukauka mara moja. Kadiri maji yanavyorudi nyuma, funika sehemu iliyobaki wazi kwa nyasi kavu nene ili unyevu usikimbie, na uziondoe kabla ya mvua, vinginevyo zitaoza majini na kula oksijeni.

Nyufa zikishatokea, kuzijaza mchanga ni kujidanganya. Chimbua sentimita 15 hadi 20 za juu, ponda mabonge, toa mawe na mizizi, nyunyiza maji, kisha shindilia. Unyevu ndio kila kitu hapa. Finya udongo kiganjani: ukishikamana bila kulowesha mkono, uko tayari, ukimeguka ni mkavu mno, ukinata vidoleni ni mbichi mno na hautashindilika. Kama sakafu ni ya kichanga, leta mfinyanzi na utandike unene wa sentimita 30 baada ya kushindiliwa, kwa tabaka za sentimita 15 hivi, si kwa mkupuo mmoja. Kifaa kizito chenye uso mdogo hushindilia vizuri kuliko gurudumu pana. Ng'ombe au nguruwe waliofungiwa humo udongo ukiwa na unyevu hufanya kazi hiyo vizuri.

Bentonaiti ya sodiamu inafaa, lakini kuimwaga juu ya maji ukitumaini itatafuta tundu yenyewe mara nyingi hakuleti matokeo. Ichanganye na sentimita 10 hadi 15 za udongo wa juu ukiwa mkavu, kilo 5 hadi 10 kwa kila mita ya mraba, zaidi penye mchanga, kisha shindilia na ufunike kwa udongo wa kawaida. Kwa bwawa la mita za mraba 300, kilo 8 kwa mita ni kilo 2,400. Hapo unaona kwa nini ni busara kutafuta kwanza sehemu inayovuja, kisha kutibu hiyo peke yake.

Huu ndio pia wakati wa kutoa tope. Sentimita 30 za tope kwenye bwawa hilo ni mita za ujazo 90, yaani nafasi ya lita 90,000. Hatari ni kuchimba kupita kiasi na kutoboa mfinyanzi unaoshika maji. Chimba vishimo vichache vya majaribio. Tope ni laini, jeusi na lina harufu, na chini yake utakuta udongo mgumu wa rangi nyingine. Simama hapo. Usiingize watu wala mifugo kwenye tope lililokauka juu tu, kwa kuwa hudidimia na kunasa.

Samaki na mifugo maji yakipungua

Samaki hufa kwa kukosa hewa kabla ya kukosa maji. Maji ya nyuzi 20 za Selisiasi yanaweza kubeba takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 takribani 7.5, na kadiri bwawa linavyopungua samaki wale wale wanagombea kidogo hicho. Saa mbaya ni alfajiri, kwa sababu mwani huvuta oksijeni usiku kucha. Nenda saa kumi na moja alfajiri: samaki wakihema juu ya maji, acha kuwalisha siku hiyo, na tumia pampu kurusha maji juu ili yachukue hewa. Rusha usiku hadi mapambazuko, si mchana, maana mchana utakuwa unalisha jua.

Punguza samaki mapema. Maji yakifika nusu, vua wakubwa na uuze wakiwa na afya. Ukingoja hadi wahangaike, utauza kwa hasara au utawafukia. Wavue asubuhi penye ubaridi, bila kuwalisha tangu jana yake. Kambare huvumilia kwa kuwa hupumua hewa; perege huvumilia kiasi, si bila mwisho. Usitie samadi wala mbolea kwenye bwawa linalopungua. Zamisha mkono hadi kiwiko: kama hukioni kiganja, mwani umezidi. Mwani huo hupandisha pH mchana, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na pH ikitoka 7 kwenda 9, sehemu iliyo sumu ya amonia, taka inayotoka kwa samaki, huongezeka makumi ya mara.

Unapoongeza maji, usizidi sehemu moja ya kumi ya bwawa kwa siku. Ya bomba yana klorini; yaache kwenye tangi wazi siku mbili, au tumia sodiamu thiosalfeti, dawa ya kuondoa klorini, gramu 7 kwa lita 1,000 kwa kila miligramu 1 ya klorini iliyomo kwenye lita. Kama yametiwa kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, kuyaacha wazi hakutoshi. Maji ya kisima kirefu mara nyingi hayana oksijeni, basi yaporomoshe juu ya mawe kabla hayajaingia.

Mifugo isiingie bwawani. Kwato huvunja ukingo, huchafua maji, na kila alama ya kwato yenye maji ni kitalu cha mbu. Vuta maji kwa bomba hadi kwenye hori nje ya uzio. Ukiona utando kama rangi ya mafuta ya kijani au bluu juu ya maji yaliyotulia, wazuie wanyama wote papo hapo. Huo unaweza kuwa mwani wenye sumu inayoua ng'ombe upesi, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Mvua ya kwanza

Usikimbilie kuipokea yote. Maji ya kwanza huja na kinyesi, majivu na majani makavu, na yakichanganya tope la chini samaki waliobaki hufa kwa usiku mmoja. Yapitishe pembeni, au kwenye shimo la kuchujia kabla ya mlango wa bwawa. Tuta lililokauka lina nyufa zisizoonekana, na kujaa ghafla ndiko kunakolibomoa. Likifika nusu, kama unaweza, lishikilie hapo siku kadhaa ukikagua upande wa chini asubuhi na jioni. Likijaa, na mvua ikipumzika siku tatu, rudisha ndoo ukapime tena, kwa sababu tundu lililo sehemu ya juu ya tuta halikuweza kuonekana maji yalipokuwa chini yake.