Wasomaji Wauliza: Somo la Kuasili Mtoto Darasani

Ninafundisha Elimu ya Maisha, mwaka wa tatu wa sekondari, hapa Kadutu. Tukifika kwenye mimba za mapema, maandalio yangu yana mstari mmoja tu juu ya kuasili mtoto. Wanafunzi wanauliza mengi na ninakwama. Nianzie wapi? — Mwalimu, Bukavu

Mwalimu, kwanza uutoe mstari huo pale ulipo. Kuasili kukitajwa ndani ya somo la mimba tu, darasa linaelewa kwamba ni njia ya msichana aliyekosea, na mwanafunzi aliyelelewa nyumba nyingine anajisikia ameitwa tunda la aibu. Mpe somo hili kipindi chake cha dakika 50, wiki moja au mbili kabla ya lile la mimba.

Dakika 10 za mwanzo, chora nyumba tatu ubaoni. Ya kwanza, mtoto anakaa kwa bibi au shangazi bila karatasi yoyote: huko ni kulea, na Bukavu nusu ya darasa watakuwa wanaijua nyumba hiyo. Ya pili, yatima amewekewa mlezi wa kisheria mpaka afike miaka 18. Ya tatu ndiyo kuasili: Mahakama ya Watoto imetoa uamuzi, na mtoto amekuwa mtoto wa aliyemwasili mbele ya sheria.

Nyumba ya tatu uipe dakika 20, maana hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka anayeasili amzidi mtoto kwa miaka 15 kwa kawaida. Aliyeasiliwa anahesabiwa kuwa mtoto wa nyumba hiyo, lakini kwa sheria yetu hakatwi na ukoo aliozaliwa. Wanafunzi hushangaa, kwa sababu filamu za nje zimewazoesha kuona mtoto akisahauliwa kabisa na kwao. Eleza na matokeo yake: haruhusiwi kuoana na aliyemwasili, wala na ndugu zake wa damu wa karibu.

Dakika zinazobaki ni za maswali. Kila mtu aandike kitu kwenye kikaratasi, hata “sina swali”, ndipo asionekane nani ameuliza. Usiulize kamwe nani darasani ni mtoto wa kulea. Usiseme “mama wa kweli”. Sema mama mzazi na mama mlezi. Wala usiandae mjadala wa kushindana, kutoa mimba upande huu na kuasilisha upande ule. Katika mji wetu anaweza kuwemo darasani aliyebakwa, na mjadala wa namna hiyo unamgeuza mada ya wenzake. Anachohitaji kujua ni kwamba afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na mimba. Hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, inapokea wagonjwa hao. Hata saa hizo zikiwa zimepita, aende tu. Na asiambiwe na yeyote kwamba ana deni la kuzaa ili ampe mwingine mtoto.

Ninamlea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 14, anadhani mimi ndiye mama aliyemzaa. Shuleni wameambiwa waandike makundi ya damu ya wazazi. Mimi ni O, yeye ni AB. Nifanye nini? — Mama, Goma

Mama, mwambie kabla ya kazi hiyo kurudishwa. Mzazi wa kundi O kwa kawaida hazai mtoto wa AB, na mwalimu atalisema hilo ubaoni bila kujua anamgusa nani. Chagua siku tulivu, muwe na mkubwa mmoja wa ukoo anayejua yote. Anza na mama yake: jina, picha, alikuwa mtu wa namna gani, amezikwa wapi. Halafu mweleze kwa nini ulinyamaza. Akikasirika, mwache akasirike. Maswali makubwa huja siku za baadaye. Mpe pia habari za magonjwa ya upande wa wazazi wake, maana daktari atamuuliza. Nani mwingine aambiwe, aamue yeye.

Walimu wa biolojia nao watumie familia ya kubuni. Ugonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, unatosha kufundisha urithi: wazazi wote wawili wakiwa AS (wamebeba ugonjwa bila kuugua), kwa kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto SS (mgonjwa), 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya AA (hana kabisa). Damu ya wazazi wa mwanafunzi haihitajiki.

Nina miaka 17 na mimba ya miezi sita. Mama mmoja wa mtaani atanilipia materniti (hospitali ya kuzalia) nikimpa mtoto siku ya kuzaa. Anataka nisaini karatasi. — Binti, Lubumbashi

Binti yetu, usisaini. Karatasi hiyo haimfanyi mtoto kuwa wake. Mahakama pekee ndiyo inayoweza. Kumtoa mtoto kwa malipo ni kumuuza, na sheria ya kulinda watoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu hilo kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20.

Endelea na CPN (kliniki ya wajawazito) kwenye kituo cha afya. Siku ya kuzaa, hakikisha cheti cha materniti kina jina lako. Likiandikwa jina la yule mama, umepoteza ushahidi kwamba ulizaa, na mtoto amepewa asili ya uongo. Kisha mwandikishe ofisi ya eta sivile (ya kuandikisha vizazi) ya komini ndani ya siku 90, ni bure. Ukiona bado huwezi kumlea, nenda Divisheni ya Mambo ya Kijamii, wao wakueleze njia ya mahakama. Kwa kuwa hujafika 18, nenda na mzazi au shangazi unayemwamini.