Ekrevisi zangu zinakufia katikati ya ganda, niongeze mawese?

SWALI: Jambo Yaya. Niko na basini mbili za simenti nyuma ya nyumba, ndani niliweka ekrevisi (wale wanaofanana na kamba, wa maji ya mto, wenye makoleo) zenye waliniletea kutoka upande wa Zambia. Mwanzo zilikuwa zinakula muzuri, sasa kila juma naokota mbili tatu zimekufa, na nyingi zinakufia wakati ya kuvua ganda, unakuta kichwa kimetoka lakini mukia bado umefungwa ndani. Jirani akaniambia zinakosa mafuta, basi kila kilo 10 za pumba ya mahindi na soya natiamo litre 2 za mawese. Maji inakuwa nyekundu juu kama mchuzi na bado zinakufa tu. Niongeze? (Mama wa Kasapa, Lubumbashi)

JIBU: Mama, usiongeze, punguza. Litre 2 za mawese ni karibu kilo 1.8, maana chakula chako kiko na mafuta asilimia 15 hivi mbele hata ya kuhesabu ile ya soya, na hawa wanyama wanataka asilimia 6 mpaka 8 tu, ukipita 10 wanakula kidogo na kukomaa kwao kunashuka. Ile nyekundu unaona juu ya maji haijaingia hata kwa tumbo ya mtu, inachafua basini bure.

Jirani hakukosea yote lakini. Kuna kitu cha mafuta kweli chenye kinakosa, ila hakiko ndani ya mawese: ni kolesteroli. Sisi watu daktari anatukataza, mwili wetu unajitengenezea yenyewe, ekrevisi na kamba wote hawawezi, lazima waikule. Na ndani ya kolesteroli ndiyo mwili wao unatoa homoni ya kuvua ganda, sasa ikikosekana mnyama anaanza kazi na hana nguvu ya kuimaliza, ndiyo ule mukia unafungwa. Kwa kamba wengi wa kufuga wanahesabu gramu 2 mpaka 5 katika kilo moja ya chakula. Mawese, soya, pumba, vyote ni mimea, hazinayo. Kwa etangi (bwawa) ya udongo wangejitafutia minyoo na tududu, kwa simenti watapata wapi?

Basi weka ndagala kavu iliyotwangwa, ama vichwa vya samaki, hata ile yenye imevunjika vunjika chini ya gunia wanauzishaka bei ndogo. Samaki inaleta kolesteroli na pia omega-3, yenye mawese karibu haina. Kiini cha yai pia ni kizuri, kiko na lesitini yenye inasaidia mafuta kutembea mwilini, lakini kimoja kina kolesteroli kama gramu 0.2, piga hesabu mwenyewe uone kama utavunja mayai kumi kwa kilo moja ya chakula! Soya endelea nayo, kaanga kwanza, nayo iko na lesitini. Pika unga kidogo wa muhogo kama bukari ukandie humo, sababu ekrevisi anakula pole pole, chakula kikiyeyuka mafuta yote inabaki kwa maji. Twanga ya juma mbili tu, samaki ikianza kunuka mafuta ya zamani itupe.

Ganda lenye wamevua usiliokote, wanalikula wanarudisha chokaa.

Jambo lingine, ukimwaga maji weka chujio: kama zako ni zile za Australia zenye zilitoroka mashamba kule Zambia, ziko kwa mto Kafue na ziwa Kariba sasa, tusizipeleke kwa mito yetu. Na tia vipande vya bomba ndani ya basini wajifiche, mwenye amevua jana iko laini kama yai ya kuchemsha, wenzake wanamumaliza usiku, asubuhi utaniandikia tena ati ni mafuta.