Walei na mjadala wa wazi parokiani: yaliyotukuta sisi

Mkuu, umeuliza kama sisi walei, yaani waamini tusio mapadre wala watawa, tunaweza kuandaa mjadala wa wazi kuhusu imani na shida za jamii bila kuambiwa tunaleta siasa kanisani. Nipo kamati ya Haki na Amani ya parokia hapa Dar mwaka wa sita sasa, nakujibu kwa yaliyotukuta.

Ruhusa isikuumize kichwa. Kanuni ya 212 ya Sheria za Kanisa inawapa waamini haki, na mara nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji na waamini wenzao maoni yao kwa ajili ya mema ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, nao ulitoa hati nzima ya utume wa walei mwaka 1965. Mtajie paroko hayo kwa adabu. Wetu alicheka, akasema, "Mbona mmechelewa?"

Kosa letu lilikuwa kuanzia kwenye hati. Tulimleta msomi, akatupitisha Rerum Novarum, waraka wa Papa kuhusu haki za wafanyakazi, aya kwa aya, saa mbili. Walikuja watu 14. Mkutano uliofuata tulikuwa 9, na watano kati yao ni kamati yenyewe.

Kilichotuamsha ni kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa. Mama mmoja aliacha kuja Jumamosi kwenye jumuiya, kile kikundi cha sala cha majirani; kumbe alikuwa anamkwepa anayemdai, na anayemdai anasali jumuiya hiyohiyo. Tukatangaza baada ya Misa: mjadala wa mikopo ya mtaani, wote karibuni, hata wasio Wakatoliki. Ukumbi ulifurika. Viongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, walikuwa wamekusanya simulizi za kina mama mapema, wakazisoma bila kutaja jina la mtu. Hilo msiliruke, maana aibu ya deni ndiyo inayofunga midomo.

Imamu wa msikiti wa jirani alieleza riba ilivyo haramu kwao. Katekista wetu mzee akainuka: hata kwetu Papa Benedikto XIV aliikemea mwaka 1745, na Leo XIII akaigusa tena kwenye Rerum Novarum, 1891. Waraka uleule uliotulaza usingizi! Safari hii watu waliomba nakala.

Afisa maendeleo ya jamii wa kata akafafanua Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kwamba kukopesha bila leseni ni kosa, kisha ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ndipo akasimama mkopeshaji mmoja, akauliza nani atamrudishia fedha zake, maana naye kakopa. Ukumbi kimya. Jibu zuri hatukuwa nalo. Vikundi viwili vya kina mama vilizaliwa siku ile. Kimoja kilivunjika kwa ugomvi wa mweka hazina, kingine kipo.

Mengine ni ya utaratibu tu. Mwenyekiti awe mlei, na paroko akae katikati ya watu; akikaa meza kuu kila mtu anamhutubia yeye. Dakika tatu kwa msemaji, wanawake waanze, la sivyo wazee wa UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, wanamaliza muda wote (naomba radhi, na mimi ni mmoja wao).

Na mgombea asipewe kipaza sauti. Mwaka wa uchaguzi mmoja alituletea kreti sita za soda "kuwaunga mkono". Tulizirudisha zikiwa za baridi. Vijana wa kwaya hawajatusamehe mpaka leo.