Barua kwa mwanangu: mgomba usiotaka kuzaa mbegu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Bukoba, nyumbani hatujambo. Umeniuliza kwa nini, ikiwa jenomu ya ndizi, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ilikwisha kusomwa mwaka 2012, sisi watafiti bado tunapanda ngazi asubuhi na chavua mkononi, na kwa nini kazi ya umri mzima imetoa aina chache tu za migomba. Umeongeza kwamba unasita kuipokea nafasi ya kusomea jenetikia ya mimea pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kwa kuwa wewe ni mtu wa takwimu na kompyuta. Swali lako ni la haki.

Mgomba wa matoke tunaoulima katika nyanda za juu za Maziwa Makuu una kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 33, yaani seti tatu za 11. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati mmea unapounda chavua na mayai, na tunda nalo hujaa hata lisipochavushwa, jambo linalomfurahisha mlaji na kumtesa mtafiti. Wakulima wameuzidisha kwa machipukizi vizazi na vizazi. Ndiyo maana, pamoja na majina yote tunayoipa migomba yetu, nasaba yake inakaribia kuwa moja, na sigatoka nyeusi, ugonjwa wa kuvu unaokausha majani, ikiingia shambani huyakuta majani yote yana udhaifu uleule.

Ukinzani tuliutafuta kwa mgomba pori. Uliotumika sana ni Calcutta 4, wenye kromosomu 22: sigatoka nyeusi haiuwezi, ila vindizi vyake vimejaa mbegu nyeusi ngumu na havifai mezani. Matoke wachache, kama Nakawere na Enzirabahima, wakichavushwa nao hutoa mara mojamoja yai lililobeba kromosomu zote 33. Ongeza 11 za chavua, unapata chotara wa 44. Huyo hatumwachi hapo, kwa sababu anaweza kushika mbegu ndani ya tunda. Tunamchavusha tena kwa mgomba wa 22: nusu ya 44 ni 22, ongeza 11, umerudi kwenye 33 na kwenye tunda lisilo na mbegu. Hesabu hii bado hunifurahisha, lakini shambani kila alama ya kujumlisha ni miaka. Ua hufunguka chane baada ya chane, nawe huchavusha siku hadi siku na kulifunika. Mkungu ukikomaa unatafuta mbegu, na mara nyingi hupati hata moja. Ukiipata, kuifukia udongoni ni kuipoteza, kwa hiyo kiinitete hutolewa na kukuzwa maabara. Kisha mche husubiriwa uzae, na uzae tena, kwa kuwa mkungu wa kwanza hudanganya.

Kazi iliyoanzishwa na NARO, shirika la utafiti wa kilimo la Uganda, pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, katika miaka ya 1990 ilifikia chotara 27, zilizoitwa NARITA. Hapa nchini zilijaribiwa Maruku na Mitalula, na mwaka 2021 nne ziliidhinishwa kwa jina la TARIBAN. Ukizihesabu nne peke yake utaona ni chache. Mimi naona ni nyingi.

Sasa kuhusu jenomu. Mgomba uliosomwa mwaka 2012 ulitokana na Pahang, mgomba pori wa seti mbili, ilhali matoke ana nakala tatu, na kukadiria athari ya jeni zikiwa nakala tatu si kazi nyepesi. Hata hivyo usomaji huo unatusaidia kuitupa mapema miche isiyo na matumaini, na katika zao linalokaa zaidi ya mwaka kabla ya kuvunwa, hiyo ni nafuu kubwa.

Kinachobaki ni chungu cha jikoni. Mpishi wa Kagera anataka ndizi iive laini, igeuke njano, inukie, na isikakamae ikipoa. Hata mkungu uwe mkubwa kiasi gani, akiikataa kwa ulimi aina hiyo haifiki shamba la pili. Sigatoka tunaipima kwa kuhesabu majani yaliyo hai, lakini ladha tunaipima kwa alama za waonjaji, zinazotofautiana kati ya mtu na mtu na kati ya kijiji na kijiji. Kuziunganisha alama hizo na vinasaba vya seti tatu, ili tujue mche utapikika vipi kabla haujazaa, kunahitaji mtu wa takwimu, na watu hao kwetu ni wachache mno. Ipokee nafasi hiyo.

Mama yako