Wadogo zangu wa mitamboni, ukimya nao unaruka hewani

Jana usiku nimemkuta mdogo wetu mmoja anaandika amri ya mksafe kwenye skripti ya Liquidsoap, programu inayopanga sauti ya redio kabla haijaruka hewani, ili tu iache kumgomea. Ni wa tatu mwaka huu. Nimeshindwa kunyamaza.

1. Saa ya seva iwe Africa/Dar_es_Salaam kabla hujagusa ratiba. Ukiiacha kwenye UTC, saa ya dunia iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, taarifa ya habari ya saa mbili usiku itatoka saa tano, watu wamelala.

2. Liquidsoap ikikataa kuwaka kwa sababu chanzo chako kinaweza kukatika, inakuambia ukweli. mksafe haiponyi chanzo, inaziba pengo kwa ukimya.

Mwaka wangu wa kwanza nyimbo zetu zote zilikuwa kwenye diski ya nje. Saa sita usiku umeme ukakatika, jenereta ikawaka, seva ikajiwasha yenyewe, ila ile diski haikusomeka. Ratiba ikatafuta mafaili, haikupata hata moja, mksafe ikaziba pengo. Mimi nilishtuka usingizini, nikafungua kwenye simu ukurasa wa Icecast, seva inayorusha matangazo mtandaoni, nikaona mkondo upo, nikarudi kulala. Kweli ulikuwepo, ndani yake hamna kitu. Tulirusha ukimya mpaka alfajiri.

Asubuhi nikapita soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Mzee mmoja mvuvi wa dagaa aliposikia natoka redioni akaniita pembeni. "Kijana wangu, nilidhani betri zimekwisha."

Mtambo ukizimwa kabisa, redio huvuma shiii, na msikilizaji anajua kituo kimezima. Wetu ulikuwa unawaka bila sauti, kwa hiyo redio yake ilitulia tuli kama imekufa. Akabadilisha betri katikati ya ziwa, kiza kimefunga, mikono imelowa, betri moja ikamponyoka ikazama. Hakunifokea. Alinipa ile redio niiangalie kama bado nzima, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilipoiwasha ikaimba vizuri, na nilishindwa kumtazama usoni.

Basi sikilizeni. fallback, yaani orodha ya vyanzo vya kushika zamu kimoja kikikatika, ianze na studio, ifuate ratiba, kisha folda ya dharura iliyo kwenye diski ya seva yenyewe, mwisho kabisa faili moja la single, linalojirudia bila kukoma. Weka na blank.strip, chanzo kikinyamaza kirukwe. Halafu nunua redio ndogo ya FM ulale nayo karibu. Ukurasa wa Icecast haukuambii kinachofika Ukerewe.

3. Wa LibreTime, programu ya kupanga vipindi vya redio: nakala ya akiba ni pamoja na Postgres, hifadhidata inayotunza ratiba. Ukihifadhi nyimbo peke yake, siku ya msiba ratiba utaiandika upya kwa mkono.

4. Diski ikijaa rekodi za vipindi, kila kitu kinagoma. Futa za zamani kila wiki.

Yule mdogo wetu ameitoa mksafe. Saa nane usiku tulichomoa waya wa diski makusudi, tukainamia redio ndogo mezani. Ikanyamaza. Akanishika mkono. Kisha wimbo wa dharura ukaingia.